Kurudisha Kilicho cha Mwenzako

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wakulima, wafanya biashara na vijana wa kanisa moja la mashambani. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme habari za imani ya Kikristo na maisha ya kila siku. Jambo hili ni pana, na mtu akitaka kulisema lote atakesha hapa peke yake, watu wamekwisha kwenda kulala. Kwa hiyo nimechagua upande mmoja tu, tena upande usiosemwa sana kanisani, ingawa sote twaujua. Nao ni habari ya kurudisha. Swali langu ni hili: mtu aliyechukua kisicho chake, kisha akatubu, je, kile alichokichukua kiko wapi sasa?

Twapenda sana kuhubiri habari ya msamaha, na ni vyema tuihubiri. Walakini katika miaka yangu ya kufundisha na ya kuketi katika mabaraza ya kanisa nimeona kwamba kwa watu wengine msamaha umekuwa kama sabuni. Mtu aoga, anukia vizuri, lakini ng'ombe wa jirani bado yumo zizini mwake. Asubuhi amkamua, maziwa awapa watoto, na kabla ya kunywa wote hufumba macho wakaomba.

ZAKAYO ALITAJA HESABU

Kila mtoto wa shule ya Jumapili amjua Zakayo, yule mtu mfupi wa Yeriko aliyepanda mkuyu. Watoto wapenda habari ya ule mti, nasi watu wazima tumebaki juu ya mti pamoja nao. Yeye mwenyewe alishuka zamani. Jambo kubwa lilitokea alipokwisha kushuka. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na kazi hiyo siku zile ilikuwa kama biashara: mtu alitoa fedha kwa watawala kwanza, kisha akaenda kuzitafuta kwa watu pamoja na faida yake. Kiasi cha faida hiyo alikijua yeye na moyo wake. Basi aliposimama mbele ya Yesu hakueleza kwa maneno marefu jinsi alivyojisikia. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Someni katika Luka mlango wa 19, mtaona kwamba tangazo la wokovu kufika katika nyumba ile lilikuja baada ya hesabu hiyo, si kabla yake.

Hiyo mara nne haikutoka hewani. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, mtu aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza hulipa kondoo wanne, na kwa ng'ombe mmoja hulipa ng'ombe watano. Mnyama akikutwa mkononi mwake angali hai, hulipa wawili. Hayo ni malipo ya mwizi aliyeshikwa. Lakini mtu aliyejiona mwenyewe kuwa amekosa, akaungama, Mambo ya Walawi mlango wa 6 na Hesabu mlango wa 5 zamwamuru arudishe kitu chenyewe kamili, na juu yake aongeze sehemu ya tano tu. Kwa fedha zetu, aliyechukua shilingi 1,000 akaja mwenyewe, atarudisha shilingi 1,200, na neno limekwisha.

Mimi naipenda sana sheria hii, maana mtu aliyeiandika alizijua tabia za wanadamu. Aliifanya njia ya kuungama iwe nafuu, ili watu wasiogope kuipita. Naye Zakayo, ambaye hakuna askari aliyekuja kumshika siku ile, angeweza kudai nafuu hiyo ya moja ya tano. Akaiacha, akajihukumu kwa kipimo cha mwizi aliyeshikwa na mnyama amekwisha kuchinjwa.

Tena wazee wetu hawakuyangoja mafundisho haya yaletwe kwa meli. Kiama cha Wakikuyu, Njuri Ncheke ya Wameru na wazee wa kaya za Wamijikenda wote walijua kwamba kesi ya wizi haimalizwi na neno pole. Mali ilirudi, malipo yakaongezwa, kisha watu wakala pamoja. Serikali ya kikoloni ilipokuja ikaleta jela. Jela ina faida zake, wala sisimami hapa kuipinga mahakama; lakini jambo moja lilipotea njiani. Mwizi alifungwa, na mwenye mbuzi akarudi kwake mikono mitupu, kisha akatozwa kodi ya kumlisha mwizi wake.

WATU WA UAMSHO

Katika nchi zetu hizi habari ya kurudisha iliwaka moto mkubwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1929, huko Namirembe katika mji wa Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya afya. Wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa jina tu, wakaketi wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifanya kazi ya kufundisha huko Gahini hata kufa kwake mwaka 1936. Kutoka Gahini uamsho ulienea Rwanda, Burundi na Uganda. Mwaka 1937 wajumbe wake walifika Kabete katika Kenya. Tanganyika nayo ikaupata. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Wengi wenu mliopita miaka sitini mwaujua wimbo wao, Tukutendereza, hata kama hamjui neno jingine lolote la Kiganda.

Watu wengi wakumbuka nyimbo na machozi ya mikutano ile. Lakini majirani wasiopenda nyimbo walishangazwa zaidi na vitu vilivyorudi. Watu walirudisha fedha kwa mabwana waliowaibia, vyombo vya hospitali, nguo, mifugo. Wakaenda ofisini kusema kwamba kodi fulani hawakuilipa. Mimi huwaza habari ya karani wa siku hizo, amefungua kitabu chake, atafuta ukurasa wa kuandikia fedha ambazo hakuna aliyezidai.

Ilipotangazwa hali ya hatari katika Kenya mwezi wa Oktoba 1952, wengi katika hao Ndugu walikataa kiapo cha msituni, na wengi walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Kwa hiyo walichukiwa pande zote mbili. Wako waliopigwa, na wako waliouawa. Mtu asiwataje kwa dharau mbele yangu.

Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu hana budi kusahihisha hata daftari la mwanafunzi ampendaye, nitasema neno moja. Uamsho ulisema wazi sana juu ya kijiko kilichoibwa hospitali. Juu ya mashamba yaliyochukuliwa ulisema kwa sauti ya chini, au ulinyamaza. Kijiko kilirudi, shamba halikurudi. Baadaye, ardhi ya Mkoa wa Kati ilipokusanywa na kuandikishwa upya katika miaka ya 1950, watu waliokuwa vizuizini hawakuwapo kuonyesha mipaka yao, na wengine waliporudi walikuta mambo yamekwisha kuandikwa. Majirani waliofaidika hawakuwa wageni wote. Wengine walikuwa wakiimba kanisani.

Na tusiseme kwamba kurudisha ni kazi ya mtu mmoja mmoja tu, serikali haihusiki. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama katika Bunge la London akasema kwamba serikali yake yajutia mateso yaliyotendeka katika Kenya wakati wa hali ya hatari. Siku hiyo hiyo balozi wao aliwasomea wazee taarifa hiyo hapa Nairobi. Mapatano yalihusu watu 5,228, na fedha zote, pamoja na gharama za kesi, zilikuwa pauni milioni 19.9. Gawanyeni wenyewe: hata usipoondoa gharama, haifiki pauni 4,000 kwa mtu mmoja, baada ya miaka zaidi ya hamsini. Tena serikali hiyo ilisema kwamba bado haikubali lawama mbele ya sheria. Kwa kipimo cha Walawi, hesabu hiyo ina mapengo. Lakini jambo lilisemwa kwa mdomo na fedha zikatoka mfukoni, na ukumbusho ukajengwa katika Uhuru Park na kufunguliwa Septemba 2015. Wengi waliostahili kuyaona hayo walikuwa wamekwisha kufa. Aliyekawia kurudisha aliwapunguzia wenye haki idadi yao.

GOROGORO NA GUNIA

Sasa turudi sokoni kwetu. Nabii Amosi, katika mlango wa 8, awashitaki wafanya biashara waliokuwa wakingoja sabato ipite upesi wapate kuuza ngano. Efa yao, ambayo ni kipimo cha nafaka, waliipunguza. Jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi wakalifanya kubwa. Mtu akiisoma sura hiyo kisha akaenda kununua mahindi hatahitaji mhubiri. Sote tumeiona gorogoro iliyogongwa kitako kikaingia ndani. Kwa nje yaonekana kubwa, kwa ndani imeficha kiganja kizima cha mahindi. Mama mwenye watoto watano hununua gorogoro moja, naye alipia mahindi ambayo hayakuingia katika mfuko wake.

Nanyi wakulima msicheke, maana ninyi mwaibiwa kwa namna nyingine. Dalali anunuaye viazi hapunguzi kipimo, yeye hukiongeza. Hushona gunia juu ya gunia, kile kilemba mkiitacho lumbesa, akalipa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisipite kilo 50, na mnajua wenyewe mambo yalivyo huko barabarani. Amosi aliwaona wauzaji, kwa hiyo akasema habari ya kipimo kidogo. Angeliketi nasi wakati wa mavuno angalisema pia habari ya kipimo kikubwa. Dhambi ni moja: kipimo hugeuka kwa kumtazama usoni mtu aliye dhaifu.

Basi mwenye duka akitubu afanyeje? Hawezi kuwatafuta wateja wote wa miaka kumi. Wako waliohama, wako waliokufa, na wengine hakuwajua hata majina. Nadhani hapo ndipo ile nusu ya Zakayo ilipokuwa na kazi yake. Mara nne ilikuwa ya wale aliowajua. Nusu aliyowapa maskini, kwa fikira zangu, iliwafikia pia wale asioweza kuwataja. Na Torati ilikwisha kufikiri habari ya mwenye haki aliyekufa: kama hana jamaa wa kupokea, malipo hupelekwa kwa kuhani, katika nyumba ya Mungu. Deni halizikwi pamoja na mdai.

Lakini kabla ya kutoa nusu ya duka, naomba mwenye duka anyoshe kitako cha gorogoro. Asianze kwa kuleta zulia jipya la madhabahu. Kisha yule mama anayekuja kila Jumamosi, ambaye yeye amjua vizuri, ampimie ya kwake kamili na kumwongezea. Mama atauliza kwa nini. Hapo ndipo palipo na ugumu, maana ni rahisi kumwongezea mtu mahindi kuliko kumwambia sababu.

Habari ya mshahara nitaipita kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa haina utata. Mambo ya Walawi mlango wa 19 yakataza ujira wa kibarua kulala nyumbani mwa tajiri hata asubuhi. Yakobo mlango wa 5 asema kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele. Nasi tuna wasichana wanaotulelea watoto, hatuwalipi miezi mitatu, na mtu akiuliza twajibu, "Huyu ni kama binti yetu." Haya, kama ni binti yenu katika siku ya kufua nguo, na awe binti yenu katika siku ya kugawa urithi.

FEDHA ZILIZOPOTEA NJIA

Vijana walifikiri leo sitafika kwao. Nimefika. Tangu mwaka 2007 watu wa Kenya wametumiana fedha kwa simu, na hii ni baraka kubwa kwa wenye wazazi mashambani. Lakini kidole kikikosea tarakimu moja, fedha za karo humwendea mtu asiyejulikana. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akisimama katika ibada kushuhudia kwamba alikuwa hana kitu, akaomba, na Bwana akamtumia shilingi 3,000 kutoka namba asiyoijua. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikimfikiria yule mwingine, mahali fulani, ambaye naye alikuwa akiomba wakati ule ule.

Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 imelisema jambo hili wazi: mtu anayezuia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kwa makosa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kufungwa muda usiozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini Mkristo hapaswi kungoja kusomewa sheria ya kompyuta. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, lamwambia mtu aliyemwona ng'ombe wa mwenzake amepotea asijifiche, bali amrudishe. Na kama mwenyewe yuko mbali au hajulikani, amweke nyumbani kwake mpaka atafutwe. Fedha ya simu ni ng'ombe aliyepotea.

Hapa niongeze neno la busara, maana matapeli nao wanasoma tabia zetu. Mtu akikupigia akilia kwamba amekutumia fedha kwa makosa, usimtumie neno lolote kwa pupa. Tazama kwanza salio lako lenyewe, si ule ujumbe aliouandika. Ukiona kweli zimeingia, ziache zikae, umwambie aombe kampuni izirudishe kwa utaratibu wake, nawe ukiulizwa ukubali. Kuwa mwaminifu si kuwa mjinga.

MPAKA ULIOSOGEA

Sasa nitawapa habari moja ya kijiji ambacho sitakitaja. Mzee mmoja alikuwa na shamba kando ya shamba la mjane. Mume wa mjane alipokufa, mzee akawa akilima kila msimu hatua nusu kuvuka mpaka, na majani ya mpakani akayang'oa na kuyapanda mbele kidogo. Kwa miaka mingi alipata ukanda mrefu ambao si wake. Baadaye akaokoka, kweli kweli, akaacha pombe na kumpiga mke. Lakini kila alipoingia shambani jembe lake liligonga ule ukanda, na usingizi ukampotea.

Akawaita wanawe akawaambia nia yake ya kuurudisha. Shamba alikuwa amekwisha kuwagawia. Mwanawe mkubwa akamjibu, "Baba, wewe umeokoka, shamba halikuokoka." Maneno hayo yalimchekesha kila aliyeyasikia, ila yule mzee. Maana kijana alisema kitu cha kweli: toba ya baba ingelipwa kwa mahindi ya wajukuu. Mke naye alimwuliza kwa nini dhamiri yake haikuamka wakati watoto walipokuwa wadogo na ukanda ule ukiwalisha. Hilo nalo ni swali la haki.

Wahubiri wengine wangalimwambia avunje nyumba yake siku ile ile. Wengine, nao ndio wengi, wangalimwambia kwamba Mungu ameyafuta yote, asijisumbue. Mzee hakufuata wala hawa wala wale. Alikwenda kwa mjane pamoja na wazee wawili wa kanisa, akamwonyesha kwa mguu wake mpaka wa zamani ulipopita. Ardhi hakuweza kuirudisha siku ile bila ya wanawe, lakini mavuno ya shamba lake mwenyewe yalikuwa mkononi mwake. Kwa hiyo kila msimu akampelekea mjane magunia mawili ya mahindi, na mbele ya mashahidi akaandika kwamba ukanda si wa ukoo wake. Mjane alipokea magunia. Hakumkumbatia, wala hakulia, wala hakusema Amina. Alisema tu, "Nilijua. Nilikuwa nikihesabu."

Neno hilo lilinifundisha zaidi ya mahubiri mengi. Sisi tuliochukua twadhani jambo limefichika. Yule aliyechukuliwa amehesabu hatua kwa hatua.

MAMBO MAWILI MAGUMU

La kwanza ni habari ya siri za watu wengine. Katika siku za uamsho wako walioungama mbele ya mkutano mambo ambayo hayakuwa yao peke yao. Mtu alijisafisha, na mwanamke wa watu akaachwa uchi mbele ya kijiji. Hii si kurudisha. Ni kuiba mara ya pili. Ukiwa umeiba pamoja na mwenzako, rudisha fungu lako, umwendee yeye faraghani umwambie umefanya nini. Jina lake usilipeleke sokoni kama bidhaa ya ushuhuda wako. Ila kama kuna mtoto anayeumizwa, au mtu yumo jela kwa kosa asilolitenda, hapo kunyamaza hakuna nafasi, hata kama kusema kutakuponza.

La pili ni habari ya sadaka. Mtu akishindwa kumrudishia mwenyewe, huona ni heri alipe kanisani, tena mbele ya watu, katika harambee, kwa bahasha nene. Nasi viongozi wa kanisa tumezoea kutouliza. Mwezi wa Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza kwamba fedha alizozitoa Rais katika parokia ya Soweto zirudishwe, kwa sababu Kanisa lisitumiwe kwa siasa. Hakusema kwamba zimeibwa, wala mimi sisemi hivyo. Nalitaja jambo hili kwa kuwa lilitukumbusha kwamba hata kanisa laweza kurudisha, na paa likangoja. Tena Yesu, katika Mathayo mlango wa 5, amwambia mwenye sadaka anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale pale madhabahuni, aende kwanza kupatana naye. Kwa hiyo mhasibu wa kanisa asione ajabu siku moja mtu akiomba bahasha yake ili aipeleke kwa mwenyewe.

Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaingia hapa: kama fedha za watu amekwisha kuzila, na sasa ni kibarua wa siku kwa siku, arudishe nini? Nilimjibu hivi. Nenda kwa mwenye mali kwanza, kabla ya kuwa na fedha. Taja kiasi chote, usikipunguze. Kisha mpatane kiasi cha kutoa kila mwezi, hata kiwe shilingi 200, kiandikwe, na mtu wa tatu aweke sahihi. Akikukasirikia, ana haki ya kukasirika. Akikusamehe deni lote, mshukuru. Lakini asamehe yeye, usijisamehe wewe.

Na hapa nina ombi kwa wazee wa kanisa hili. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakumwandikia maneno ya huruma tu. Alisema kwamba kama Onesimo ana deni, liandikwe juu yake Paulo, naye atalipa. Tena akaiandika ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tuna fungu la maziko na fungu la arusi. Hatuna fungu la kumdhamini mtu anayetaka kurudisha lakini hana kitu. Nimemwuliza mweka hazina, naye amesema kwamba baraza likikubali, daftari lipo na kufuli la sanduku lipo. Mimi nimekwisha kuweka shilingi 2,000 za kuanzia.

Naona mvua yaanza kunyesha, na wenye safari ndefu wana wasiwasi. Kama yuko mwenye swali na aulize sasa, tuanze na wale wa nyuma.